Kopo moja ukiwa umelala, makopo matatu ukiwa umekesha

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa magari ya watalii, naishi Sakina, Arusha, nina umri wa miaka 34. Msimu ukiwa chini, kopo moja tu la kinywaji cha kuongeza nguvu hunifanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Msimu ukiwa juu, Julai na Agosti, nikiwa napata usingizi wa muda wa saa nne au tano kwa wiki nzima, nakunywa matatu na sisikii kitu, ila nakuwa mkali. Juzi tukitoka Karatu nilimfokea mgeni kwa kuchelewa kupanda gari, jambo ambalo si tabia yangu. Wenzangu wawili wananishauri nitafune mirungi kidogo, wanasema nikiwa nimechoka ndipo nitaiona kazi yake. Mwingine anasema ninywe kahawa halafu nilale robo saa, nikaona ananitania, maana kahawa ni ya kufukuza usingizi. Je, vinywaji hivi vimepungua nguvu, au mwili wangu una ugonjwa?

Jibu: Marahaba, kaka. Kwa maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa, na makopo hayajapungua nguvu. Kilichobadilika ni ubongo unaoyapokea. Wanaochunguza athari za dawa kwenye tabia wamejua tangu miaka ya 1950 kwamba dozi ile ile inaweza kuleta matokeo tofauti kabisa kulingana na hali ambayo dawa imemkuta nayo mtu au mnyama, na upungufu wa usingizi ni moja ya hali zinazoibadilisha sana dawa ya kuchangamsha. Nitaanza na kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye makopo yako na kwenye kahawa, kwa kuwa ndiyo uliyoizoea, kisha nije kwenye mirungi, ambako jibu ni zito zaidi.

Tangu unapoamka asubuhi, kazi ya seli za ubongo huacha nyuma kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya kadiri saa za kuwa macho zinavyoongezeka, na ikijishika kwenye vipokezi vyake ndipo unapoanza kusinzia. Chukulia vipokezi hivyo kama viti vya hiace na adenosini kama abiria wenye safari. Kafeini ni mtu anayepanda, akakaa kwenye kiti, wala hana safari. Haimpunguzi abiria hata mmoja pale stendi, inamzuia kukaa tu, na itakapoteremka (nusu yake huondoka mwilini kwa wastani wa saa tano hivi) waliokuwa wakisubiri watapanda kwa pamoja. Mtu aliyelala vizuri ana abiria wachache sana asubuhi, kwa hiyo kafeini haina usingizi mwingi wa kuufukuza, na unachobaki kukisikia ni zile athari zake nyingine, yaani kuongezeka kwa adrenalini, moyo kwenda mbio na vidole kutetemeka. Hilo ndilo kopo lako la msimu wa chini.

Sasa chukulia hujalala vya kutosha kwa siku kadhaa. Abiria wanajaa stendi, na zaidi ya hapo viti vyenyewe huongezeka. Mwaka 2007 watafiti wa Jülich, Ujerumani, waliwapiga picha za ubongo watu waliokuwa wamekesha kwa saa 24 wakaona kwamba vipokezi vya adenosini vya aina ya A1 vilikuwa vimeongezeka katika sehemu nyingi za ubongo. Kwa hiyo kafeini ya kopo moja inakuta viti vingi na umati mkubwa, na ndiyo maana unaona kama umekunywa maji. Niongeze kwamba sehemu ya mabadiliko hayo ni mazoea, kwa sababu msimu wa juu unakunywa kila siku, na mwili huizoea kafeini ndani ya siku chache. Mambo haya mawili, deni la usingizi na mazoea, hukutana kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na dereva wa msimu ni mfano wake kamili. Tafadhali usidhani kwamba kwa kuwa husikii moyo ukidunda, basi moyo umeachwa salama. Shinikizo la damu linaweza kupanda bila wewe kutambua lolote.

Kuna jaribio moja ambalo nadhani litakugusa, kwa sababu linafanana na ratiba yako. Lilichapishwa mwaka 2017 na watafiti wa jeshi la Marekani. Waliwachukua watu 48 wenye afya, wakawaruhusu kukaa kitandani kwa muda wa saa tano tu kwa usiku, siku tano mfululizo. Nusu yao walipewa miligramu 200 za kafeini saa mbili asubuhi na nyingine 200 saa sita mchana, na nusu walipewa kitu kisicho na dawa ndani yake. Siku za mwanzo waliopata kafeini walikuwa mbele kwa uangalifu na wepesi wa kuitikia. Baada ya usiku wa tatu hivi tofauti ikayeyuka, wakawa sawa na wale ambao hawakupata kitu. Safari yako ya Tarangire, Ngorongoro na Serengeti ni ya siku ngapi? Kama ni tano au sita, basi siku ambayo kafeini inaacha kukusaidia ni ile unayorudi na wageni waliochoka kama wewe, barabara ikiwa na malori na jua likikupiga usoni.

Kwa miligramu, kopo la mililita 250 la vinywaji hivi kwa kawaida lina takriban 80, lakini makopo na chupa kubwa zina zaidi, kwa hiyo soma lebo badala ya kuhesabu makopo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango ambacho wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walikiona hakina madhara ni hadi miligramu 400 kwa siku nzima, na 200 kwa mara moja. Makopo matatu ya nusu lita yanaweza kukuvusha hapo, na bado hujahesabu chai na kahawa ya kambini.

Ukali unaousema unastahili aya yake. Upungufu wa usingizi peke yake humfanya mtu awe mwepesi wa hasira. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu waliokesha kwa takriban saa 35 walionyeshwa picha za kuudhi, na ile sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu na hasira, iitwayo amigdala, iliwaka kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko ya waliolala, huku uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuambia tunyamaze kwanza, ukiwa umelegea. Juu ya ubongo huo wewe unaongeza kitu kinachopandisha adrenalini. Kafeini haikurudishii ile breki ya mbele. Inaongeza kasi ya gari lile lile. Mgeni aliyechelewa dakika tano Karatu alikutana na mchanganyiko huo, na kama bado yupo kwenye safari yako, neno la samahani litamtosha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, nami naomba ukisome taratibu. Dawa za kuchangamsha hurudisha haraka sana uwezo wa kuwa macho na kuitikia jambo jepesi, mfano kukanyaga breki unapoona taa nyekundu, lakini hazirudishi kwa kiwango hicho hicho uwezo wa kupima, kubadili mpango, kufuata hatua nyingi bila kuruka, na kujua kwamba umekosea. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Michigan waliwakesha watu usiku kucha, kisha wakawapa baadhi yao kafeini. Kazi ya kuwa macho ilikuwa nzuri zaidi kwa waliopata kafeini, lakini katika kazi ya kufuata hatua kwa mpangilio huku ukikatizwa katikati kafeini haikuwasaidia wengi wao. Miaka kadhaa kabla, William Killgore na wenzake walikuwa wamewaweka watu macho kwa saa 75 na kuwachezesha mchezo wa kamari wa kadi unaopima jinsi mtu anavyojihatarisha, nao wakaona kwamba kafeini haikuwarudishia maamuzi mazuri, ingawa dawa hiyo hiyo inajulikana kuwafanya watu waliokesha wawe macho zaidi.

Niliwahi kuliona hilo kwangu mwenyewe. Nikiwa daktari mwanafunzi kwenye hospitali moja, baada ya usiku wa pili wa zamu na vikombe vinne vya kahawa ya Kilimanjaro iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi tii, niliandika barua ya rufaa kwa mwandiko safi ambao sijauandika tena tangu siku hiyo. Kila neno lilikuwa sahihi, isipokuwa jina, ambalo lilikuwa la mgonjwa wa kitanda cha pili. Muuguzi aliyeligundua hakuwa amekunywa kahawa, alikuwa amelala.

Kibaya zaidi ni kwamba mtu aliyepungukiwa usingizi si shahidi mzuri wa hali yake mwenyewe. Utafiti maarufu wa Hans Van Dongen na wenzake, wa mwaka 2003, uliwalaza watu kwa muda wa saa sita kwa usiku kwa wiki mbili. Makosa yao yaliongezeka siku hadi siku hadi yakafikia ya mtu aliyekesha kabisa, ilhali walipoulizwa kama wanasikia usingizi, majibu yao yalikuwa yameshatulia, kana kwamba wamezoea. Ukimpa mtu huyo kichangamshi, unamwongezea hisia ya kuwa sawa juu ya hisia ambayo tayari ilikuwa inamdanganya. Watafiti wa Kanada, Baranski na Pigeau, waliripoti mwaka 1997 kwamba watu waliokesha kwa saa 64 wakapewa modafinili, dawa ya kuzuia usingizi inayotolewa kwa cheti, walijiamini kupita uwezo waliokuwa nao. Unapoendesha kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na usingizi wa kupitiwa wa sekunde nne, ambao macho yanaweza kubaki wazi, ni mita karibu 90 za barabara bila dereva. Makopo matatu hayaondoi kupitiwa huko kwa mtu mwenye deni la wiki nzima. Yanachokiondoa mapema ni ile kope nzito ambayo ingekuonya.

Sasa mirungi. Wenzako wamesema kweli nusu: mtu aliyechoka ndiye anayeiona kazi yake. Lakini ukweli huo ndio sababu ya kuikataa, wala si sababu ya kuijaribu.

Ndani ya jani bichi la mirungi kuna kathinoni, kemikali inayofanana kwa umbo na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha, na ambayo huharibika upesi jani likishachumwa, ndiyo maana wauzaji hulifunga kwa majani ya mgomba na kulikimbiza barabarani. Kafeini inazuia viti, kama nilivyosema. Kathinoni na amfetamini hufanya kazi nyingine kabisa: zinazifanya seli zimwage dopamini na noradrenalini, yaani kemikali za hamu, za msukumo, na za kuuambia ubongo kwamba jambo hili lirudiwe. Kuna dawa ya tatu inayogusa dopamini, methilifenideti, ambayo hutolewa kwa watoto wenye tatizo la kutotulia, na hiyo ndiyo iliyotumiwa katika majaribio mawili ninayotaka uyajue.

La kwanza lilifanywa Detroit na Timothy Roehrs na wenzake, likachapishwa mwaka 1999. Watu wenye afya, wasio na historia ya kutumia dawa za kulevya, walipitia vipindi viwili, kimoja wakikaa kitandani kwa muda wa saa nane na kingine saa nne. Waliwekewa methilifenideti na kidonge kisicho na dawa, bila kuambiwa kipi ni kipi, wakavionja vyote, kisha wakaachiwa wachague wenyewe. Walipokuwa wamelala vizuri, wengi hawakuwa na haja ya kile chenye dawa. Walipokuwa wamelala nusu, watu wale wale walikichagua mara nyingi zaidi. Tafakari maana yake. Hawakuwa wametafuta raha. Walikuwa wamepungukiwa usingizi, na upungufu huo ukakigeuza kidonge kilichokuwa hakiwavutii kuwa kitu wanachokitaka tena. Mtu anaweza kuingia katika mazoea ya dawa kwa mlango huu bila kupita kwenye ulevi wowote, akiwa anaamini kwa moyo mweupe kwamba anatafuta riziki.

La pili ni la Nora Volkow na wenzake, la mwaka 2012, nalo linaonyesha ndani ya ubongo kinachotokea. Walipima dopamini kwa picha, mtu akiwa amelala na akiwa amekesha usiku mmoja, wakampa methilifenideti katika hali zote mbili. Mtu angetarajia kwamba aliyekesha atamwaga dopamini nyingi zaidi, kumbe kiasi kilichoongezwa na dawa hakikutofautiana. Kilichopungua kwa waliokesha ni vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 katika kiini cha ubongo kinachohusika na tuzo na hamu. Upungufu wa vipokezi hivyo hivyo huonekana pia kwa watu waliozama katika uraibu, na wanasayansi wanauhusisha na kutenda kwa pupa. Usiku mmoja wa kukesha haumfanyi mtu kuwa teja, nisieleweke vibaya. Unamweka kwa muda katika hali ambayo dawa ya aina hiyo inapata nafasi kubwa zaidi.

Kwa wanyama jambo hili limejulikana zaidi ya miaka 40. Mwaka 1978 Sergio Tufik na wenzake wa São Paulo waliwanyima panya usingizi wa ndoto kwa siku kadhaa, kisha wakawapa dawa inayoigiza dopamini. Panya hao waliitikia kwa ukali uliopita kiasi, wakishambuliana, tofauti na wenzao waliolala. Binadamu si panya, ila madaktari wa magonjwa ya akili tunawaona watu waliotafuna mirungi au kutumia metamfetamini huku wakikesha usiku wa pili na wa tatu, wakaletwa na ndugu zao wakisema wanafuatwa, wanasikia sauti, au wanaona watu kwenye vichaka vya kando ya barabara. Ni vigumu kutenganisha sehemu iliyoletwa na dawa na ile iliyoletwa na kukesha, kwa kuwa kila moja inaikuza nyingine: dawa inazuia usingizi, na kukosa usingizi kunaongeza athari za dawa. Jeshi la Ujerumani lilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1940 liliwagawia askari wake mamilioni ya vidonge vya Pervitin, yaani metamfetamini, ili wasilale, na kufikia mwaka 1941 serikali yenyewe ilikuwa imeviweka chini ya sheria ya dawa za kulevya.

Kuna pia kesho yake, ambayo wenzako hawakukutajia. Stimu ikiisha, mtu aliyetafuna jioni hukosa usingizi na hamu ya kula, huamka akiwa mzito na mwenye huzuni, na suluhisho la haraka linalomjia ni kutafuna tena. Kwa sheria za Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya, hata kama ng'ambo ya mpaka wa Namanga inauzwa sokoni, na dereva anayekamatwa nayo hapotezi leseni ya kazi tu. Sheria hiyo naitaja kwa kupita, kwa sababu hata ingekuwa halali ningekujibu vile vile.

Kuhusu la kufanya, sina dawa ya kukuandikia, na ningekuonea kukwambia ulale kwa muda wa saa nane wakati mwajiri amekupangia kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA usiku wa manane na kutoka Arusha alfajiri. Jambo la kwanza ni kuzungumza naye kuhusu ratiba hiyo hasa. Anayepokea wageni usiku asiwe anayeendesha asubuhi, na gari liweze kuoshwa na kujazwa mafuta na mtu mwingine siku za mfululizo. La pili ni kuitumia kafeini kama akiba. Usinywe asubuhi ya siku uliyolala vizuri, ili mwili usiizoee. Iweke kwa ajili ya alasiri, kati ya saa nane na saa kumi, ambapo mwili hulegea hata ukiwa hujala. Isiwe chini ya saa sita kabla ya kulala, kwa maana miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kitanda zimeonekana kukata usingizi kwa zaidi ya saa nzima, hata pale mnywaji mwenyewe anapoapa kwamba amelala fofofo. Na ikiwa ukali, mapigo ya moyo au wasiwasi vitaendelea wiki mbili baada ya msimu, ukiwa umelala na umeacha makopo, nenda ukapimwe shinikizo la damu na tezi ya shingo.

Limebaki la yule mwenzako wa kahawa na robo saa. Hakutanii. Mwaka 1997 Louise Reyner na Jim Horne, wa chuo kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwajaribu madereva waliolala kidogo kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, na miligramu 150 za kafeini zikifuatiwa na kulala kwa dakika zisizozidi 15 zilipunguza makosa ya barabarani kuliko kafeini peke yake. Sababu yake iko kwenye hiace ile ile. Kafeini huchukua takriban nusu saa kufika ubongoni kwa wingi, na katika muda huo usingizi mfupi huwapunguza abiria pale stendi, hivyo kafeini inapowasili inakuta viti vilivyo wazi zaidi. Si lazima ulale kabisa, hata kusinzia kunasaidia. Ukifika Makuyuni, wageni wakiingia kwenye duka la vinyago, kunywa kahawa yako kwa haraka, egesha kivulini, teremsha vioo kidogo, weka kengele ya simu ya dakika 20 na uegemeze kiti. Ukiamka, zunguka gari kwa miguu dakika tano kabla ya kuliwasha, kwa sababu ubongo ulioamshwa ghafla huchelewa kuzinduka.